Toba ya kweli ni ipi? Yuda alijuta, akaungama, akarudisha fedha, na bado akapotea

#1 MLETA UZI

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwenye haraka anisamehe, uzi huu ni mrefu. Jambo lenyewe nimelibeba kwa miaka kadhaa na sijawahi kuliandika popote.

Yuda Iskariote alifanya karibu kila kitu tunachofundishwa kwamba ni toba. Soma Mathayo 27:3-5 taratibu. Alipoona Yesu amehukumiwa, alijuta. Akawaendea wakuu wa makuhani na wazee, akakiri kwa kinywa chake mwenyewe: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Hakusingizia shetani wala hakumtupia lawama mtu mwingine. Vile vipande thelathini vya fedha alivirudisha vyote, na walipokataa kuvipokea akavitupa hekaluni. Wangapi kati yetu tumewahi kurudisha hela tuliyoila?

Halafu akaenda akajinyonga.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Petro naye alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Yeye hakuwa na cha kurudisha. Maandiko hayatuambii kama aliungama mbele ya mtu yeyote usiku ule. Luka anasema Bwana aligeuka akamtazama, naye Petro akatoka nje akalia kwa majonzi. Ukiwapima wawili hawa kwa vigezo vyetu vya madhabahuni, Yuda amefanya zaidi. Kwa nini basi Yuda ndiye aliyepotea?

Jibu la haraka mnalijua: Yuda alijuta tu, Petro alitubu. Watu huongeza kwamba Kigiriki kina maneno mawili, metanoia ambayo ni kugeuka nia, na metamelomai ambayo ni kujuta, na kwamba Mathayo alimtumia Yuda lile la pili. Ni kweli alilitumia. Lakini neno hilohilo la pili limetumika katika Mathayo 21 kwa yule mwana aliyesema hataki kwenda shambani, baadaye akajuta, akaenda. Na huyo Yesu anamsifu. Kwa hiyo tofauti haimalizwi na kamusi.

Mimi nimekuja kuona hivi: tofauti iko kwenye walikoelekea. Yuda alirudi kwa makuhani, wakamwambia, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Kutoka pale akabaki na nafsi yake peke yake. Petro, baada ya ufufuo, anamwona Yesu ufuoni, anajifunga vazi lake na kujitupa baharini, mashua ikiwa bado dhiraa mia mbili kutoka nchi kavu. Hakusubiri ifike. Neno la Kiebrania ambalo manabii walilitumia kwa toba, shuv, maana yake ni kurudi. Hata hili neno letu "toba", tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kurudi. Na mtu anayerudi ana anayemrudia.

(Simhukumu mtu aliyefiwa na ndugu yake kwa njia kama ya Yuda. Nazungumza habari za Yuda tu, aliyekuwa na Yesu miaka yote ile na hakufikiri kwamba angepokewa.)

Tazama na kitu kingine. Yohana 18:18 inasema watumishi walikuwa wamewasha moto wa makaa, Petro akasimama nao akiota. Hapo ndipo alipomkana. Fungua Yohana 21:9: walipofika pwani wakaona moto wa makaa, na samaki juu yake. Yesu akamwuliza mara tatu kama anampenda, na mara ya tatu Petro akahuzunika. Bwana angeweza kumsamehe kimyakimya. Badala yake alimrudisha palepale, kwenye moto, kwenye mara tatu. Anayerudi hupita tena njia ileile aliyoiharibu wakati wa kwenda. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili, na nitaeleza jinsi nilivyolijua.

Nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Kijana, nimeokoka, naongoza maombi ya Ijumaa. Kulikuwa na daftari moja la jalada gumu la mapato na matumizi, nalo nilikaa nalo mimi. Siku moja nilibanwa, nikachukua kidogo nikisema nitarudisha mwisho wa mwezi. Sikurudisha. Kwenye safu ya matumizi ya nauli palikuwa na tarakimu 3. Nikachukua kalamu nikaifunga vizuri upande wa kushoto, ikawa 8. Wino wa kalamu ile ulikuwa wa buluu iliyokolea kidogo kuliko ule wa kwanza. Nilikaa nikiitazama ile 8 kwa muda mrefu, nikafunga daftari. Mwezi uliofuata nikatengeneza 8 nyingine.

Nililia sana kwa ajili ya hizo 8. Kila mhubiri alipoita watu mbele, nilikwenda. Nilifunga na kuomba, nikasoma Zaburi ya 51 mpaka nikaijua kwa moyo, na kila mara nilitoka nikijisikia mwepesi. Baada ya wiki mbili uzito unarudi, nakwenda tena mbele. Watu wakaniona mtu wa rohoni kwa sababu ya machozi yale. Nadhani hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi, kwa kuwa hata majuto yangu sasa yalinijengea jina.

Ikapita miaka miwili. Katika kusoma nikakutana na Hesabu 5:7. Aliyemkosa mwenzake ataungama dhambi yake, atarudisha kitu kizima, ataongeza na sehemu ya tano juu yake, na kumpa yule aliyemkosea. Walawi 6 inarudia jambo hilo, tena inasema akabidhi siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia. Sikupata usingizi. Nilipiga hesabu, nikaongeza sehemu ya tano, nikatafuta hiyo pesa miezi mitatu, nikaenda kwa mama mwenyekiti wetu jioni na bahasha na daftari.

Akavaa miwani. Nilimwonyesha zile 8 moja baada ya nyingine. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuwa yule dada?"

Sikuelewa. Ndipo akaniambia kwamba mwaka wa nyuma yeye na wazee wawili waliona hela haitoshi, wakamshuku aliyekuwa katibu wetu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipokea michango mlangoni. Hawakumshtaki waziwazi, walimpunguzia tu majukumu. Wakaanza kunyamaza akiingia. Yule dada akaacha kwaya, na mimi nilikuwa nimeambiwa amehama kikazi.

Ndugu zangu, miaka miwili nilikuwa namlilia Mungu kila wiki, na kumbe kila siku niliyokaa kimya mtu mwingine alikuwa akilipa. Machozi yangu yalinihusu mimi: usafi wangu, amani yangu, mbingu yangu. Yule dada hakuwemo kabisa ndani ya maombi yangu. Kama ningeendelea kutubu "kati yangu na Mungu", ningekufa nikiwa nimesamehewa kwa mawazo yangu, na yeye akaitwa mwizi mpaka leo.

Nilikwenda kwake. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye komeo. Nilipomaliza akauliza, "Na wenzako umewaambia?" Nikasema bado. Akasema, "Waambie kwanza. Ndipo urudi." Akafunga mlango bila hasira.

Nikawaambia, siku ya mazoezi, wote wakiwepo. Maneno yangu hayakufika hata dakika tatu. Sijawahi kusimama mahali pagumu kama pale.

Ndiyo maana nikisikia toba inafundishwa kama sala ya kufuatisha, moyo unaniuma. Wapendwa, mnasemaje?

#2 MCHANGIAJI WA KWANZA

Amina, mtumishi, ushuhuda mzito. Ila nina wasiwasi. Biblia inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Mnyang'anyi msalabani alirudisha nini? Hakurudi kwa mtu yeyote, hakulipa sehemu ya tano, na Yesu akamwambia, leo hii utakuwa pamoja nami peponi. Naona unawatwika watu mzigo.

#3 MLETA UZI

Asante, ndugu yangu. Wasiwasi wako ni wa haki na nisingependa mtu asome uzi huu akadhani msamaha unanunuliwa.

Kwanza huyo mnyang'anyi. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa. Kilichobaki huru kwake ni ulimi, naye akautumia wote. Alimkemea mwenzake, akakubali kwamba adhabu yake ni haki ("sisi tunapokea malipo tuliyostahili kwa matendo yetu"), akamtetea Yesu mbele ya umati uliokuwa ukimdhihaki, na akamwomba amkumbuke. Kila alichoweza kukirudisha alikirudisha. Sisi mikono yetu haijapigiliwa.

Pili, tazama mpangilio wa Zakayo katika Luka 19. Yesu alimwita juu ya mkuyu na kujikaribisha nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti moja. Neema ilitangulia. Nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne vilikuja baadaye, wala hakuna mtu aliyemdai. Torati ilidai mara nne kwa mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza, Kutoka 22:1. Kwa aliyejiungamia mwenyewe ilikuwa kitu kizima na sehemu ya tano. Zakayo alijihukumu kwa sheria ngumu kuliko iliyompasa, na alifanya hivyo kwa furaha. Anayenunua msamaha hutafuta bei ya chini kabisa. Yeye alikuwa ameshapewa bure, ndiyo maana mkono ulifunguka.

Warumi 2:4 inasema wema wa Mungu ndio unaotuvuta tupate kutubu. Matendo ya Mitume 11:18 inaita toba kitu ambacho Mungu amewajalia Mataifa. Kwa hiyo toba yenyewe ni zawadi. Ila sijaona katika Biblia zawadi hiyo ikimfikia mtu na kumwacha akiwa bado ameshika mali ya mwenzake.

#4 MCHANGIAJI WA PILI

Mimi ni Mkatoliki, naomba nichangie kwa upande wetu. Sisi katika kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, tunafundishwa vitu vitatu kwa anayetubu: majuto, maungamo na malipizi. Watu wengi, hata wa kwetu, wanadhani malipizi ni zile sala tatu anazopewa mtu akitoka. Lakini padri wangu huwa anauliza, "Umeshamrudishia?" Kama mtu ameiba na anaweza kurudisha lakini hataki, huyo hajawa tayari kuondolewa dhambi.

Tena mafundisho yetu yanatofautisha majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu, na majuto yasiyo kamili, yanayotokana na kuogopa adhabu au kuona ubaya wa dhambi. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551 ulisema hata hayo yasiyo kamili ni zawadi ya Mungu, yanamwandaa mtu apokee neema katika sakramenti. Naona hapo kuna faraja. Mtu akianza na woga asidharauliwe.

#5 MLETA UZI

Umenisaidia sana, dada. Mwana mpotevu mwenyewe alianza na njaa! Alizingatia moyoni mwake kwamba watumishi wa baba yake wanakula chakula na kusaza, naye anakufa njaa. Nia hiyo si safi sana. Alikuwa ameandaa na hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika alisema mbili za kwanza. Ile ya tatu, ile ya kutafuta kibarua, haikupata nafasi ya kusemwa, baba ameshaita vazi na pete na viatu. Alianza safari kwa sababu ya tumbo. Kilichomponya ni kwamba safari yenyewe ilielekea nyumbani.

Kihistoria, neno lenyewe liliwahi kuzua mjadala mkubwa. Biblia ya Kilatini iliandika wito wa Yesu kwa maneno yaliyozoeleka kueleweka kama "fanyeni kitubio". Agano Jipya la Kigiriki alilolichapa mwanazuoni Erasmus mwaka 1516 liliwafanya wasomi walitazame upya. Mwaka uliofuata, 1517, hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Martin Luther, mtawa wa Ujerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, ikasema kwamba Bwana aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. Katika hilo Mkatoliki na Mlutheri wanaweza kukaa meza moja. Wote wanakataa kwamba toba ni tukio la dakika tano.

#6 MCHANGIAJI WA TATU

Shalom. Mimi nasoma huku nalia. Nina dhambi moja, sitaitaja, nimeitubia zaidi ya mara mia. Kila nikiahidi, mwezi hauishi nimerudi. Mchungaji mmoja alisema toba ya kweli ni kutorudia, kwa hiyo mimi sijawahi kutubu. Nimeanza kuona aibu hata kuomba. Je, kuna tumaini kwa mtu kama mimi?

#7 MLETA UZI

Lipo, ndugu yangu. Hili usiliachie hata kidogo.

Luka 17:4, Yesu anatuambia kwamba ndugu yako akikukosa mara saba katika siku moja, na kurudi kwako mara saba akisema nimetubu, umsamehe. Yesu hakusema kwamba mara ya pili inathibitisha ya kwanza ilikuwa ya uongo. Kama ametuamuru sisi hivyo, yeye mwenyewe atafanya pungufu?

Ila nakuuliza kwa upendo, kwa sababu nilikuwa hapo. Toba yako imewahi kugusa mlango ambao dhambi inapitia? Mimi nililia miaka miwili na daftari bado lilikuwa chumbani kwangu, kalamu pembeni. Mithali 28:13 inasema aziungamaye na kuziacha atapata rehema. Kuacha mara nyingi huanza na kitu kidogo cha mikono: kukabidhi daftari, kufuta namba, kubadilisha njia ya kurudi nyumbani, kumpa mtu mmoja ruhusa ya kukuuliza usiku. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia walie zaidi. Aliwaambia wasitoze kitu zaidi ya walivyoamriwa. Askari akawaambia wasidhulumu mtu na watoshewe na mshahara wao. Kila mmoja alipewa toba ya kazi yake mwenyewe, ya kesho asubuhi.

Na usidhani nuru yote huja siku moja. John Newton, Mwingereza, alikuwa baharia. Mwezi Machi 1748 dhoruba ilikaribia kuzamisha meli yao, akamlilia Mungu, na maisha yake yote aliihesabu siku ile kuwa mwanzo wa kugeuka kwake. Lakini baada ya hapo aliendelea kusafiri na meli za watumwa, akawa hata nahodha wa meli hizo, mpaka ugonjwa ulipomtoa baharini mwaka 1754. Alikuwa anasali ndani ya meli yenye watu waliofungwa minyororo chini ya miguu yake! Baadaye akawa mchungaji, na mwaka 1788 ndipo alipochapisha kijitabu kinachoeleza waziwazi unyama wa biashara ile, akikiri sehemu yake, na ushahidi wake ukawasaidia waliokuwa wakiipiga vita bungeni. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, mwaka aliofariki. Kutoka dhoruba mpaka kijitabu ni miaka 40. Sisemi hivyo ili tujipe nafasi ya kuchelewa, maana waliokuwa kwenye minyororo hawakuwa na miaka 40 ya kumsubiri. Nasema ili usikate tamaa na Mungu ambaye hakumwachia Newton njiani.

Niandikie pembeni ukitaka. Usikae na jambo hili peke yako. Yuda alikaa peke yake.

#8 MCHANGIAJI WA NNE

Samahani, mimi nipo upande wa pili. Mimi ndiye niliyekosewa. Mtu aliyeniumiza sana amesimama kanisani akalia, watu wakampigia makofi, na sasa wazee wananisukuma nimpokee kama zamani. Wananiambia nisipofanya hivyo mimi ndiye mwenye dhambi. Yeye binafsi hajanitafuta wala hajataja alichonifanyia, alisema tu "nimewakwaza baadhi yenu". Hiyo nayo ni toba?

#9 MLETA UZI

Dada yangu, pole sana. Nimelisoma mara kadhaa kabla ya kujibu.

Fungua 1 Samweli 15. Sauli anamwambia Samweli, "Nimefanya dhambi." Ni maneno yaleyale atakayoyasema Daudi baadaye kwa Nathani. Lakini mstari wa 30 Sauli anaongeza: "Lakini uniheshimu sasa, nakusihi, mbele ya wazee wa watu wangu." Hapo moyo umejitoa wenyewe. Alichokuwa anaomba ni heshima yake mbele ya watu. Farao naye alisema "nimekosa" mvua ya mawe ilipokuwa inanyesha (Kutoka 9:27), na ilipokoma akaufanya moyo wake kuwa mzito tena.

Mtu anayetubu kweli hataji "baadhi yenu". Anataja alichofanya kwa jina lake. Tena hadai. Anajua kwamba aliyeumizwa ana haki ya kuchukua muda, kuuliza maswali, hata kufunga mlango. Yule katibu wetu alinifungia mlango, na alikuwa na haki kabisa. Kama ningewatuma wazee wakamlazimishe anisamehe, ningekuwa nimemdhulumu mara ya pili.

Kusamehe ni kuacha kulipiza, kumwachia Mungu hukumu, na hilo Bwana analitaka kwetu sote, atakusaidia kwa wakati wake. Lakini kumwamini mtu tena, kumrudishia nafasi aliyokuwa nayo, kukaa naye chumba kimoja, hayo ni mambo mengine na yanajengwa polepole kwa matunda yanayoonekana. Na kama alichokufanyia ni kosa la jinai, toba yake ya kweli itamfikisha hata mbele ya sheria bila kunung'unika. Daudi alisamehewa siku ileile, na bado msiba uliingia nyumbani kwake. Hakusema, "Si nimeshasamehewa?"

Kanisa la kwanza lililijua jambo hili. Mwaka 250, wakati wa mateso ya kaisari Decius, Wakristo wengi walitoa sadaka kwa miungu ya Kirumi, na wengine walinunua hati za kuonyesha kwamba wametoa. Mateso yalipopoa wakataka kurudi, na baadhi walileta barua za kuwaombea kutoka kwa waliofungwa kwa ajili ya imani, wapokewe mara moja. Cyprian, askofu wa Kartago, alikataa njia hiyo ya mkato. Alikataa pia msimamo wa Novatian wa Roma, aliyesema kanisa lisiwapokee tena kabisa. Mlango ubaki wazi, na njia ya kuufikia iwe ya toba inayoonekana. Wazee wako wanaruka nusu ya pili. Waonyeshe mistari hii kama una nguvu. Kama huna, mtafute mtu wa kukusemea, na kwa vyovyote usikae mahali ambapo huna usalama.

#10 MCHANGIAJI WA TANO

Swali fupi, mkuu. Niliyemdhulumu ameshafariki. Nafanyaje?

#11 MLETA UZI

Torati ililifikiria hata hilo. Hesabu 5:8 inazungumzia hali ambayo hakuna jamaa wa karibu wa kupokea malipo, basi malipo yanakuwa ya Bwana, yanakwenda kwa kuhani. Maana yake wanatangulia jamaa zake: mjane, watoto, ndugu. Watafute. Waambie ukweli, si bahasha isiyo na jina. Kama hakuna kabisa, mpe Bwana kupitia mtu mhitaji, lakini kisibaki mfukoni mwako. Na kama ulimharibia jina, jina lake bado linaweza kusafishwa mbele ya waliosikia uongo wako. Wao wako hai.

#12 MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimerudi. Nilikuwa na wasiwasi na bado ninao kidogo, lakini nimepiga simu moja jana usiku ambayo nilikuwa naikwepa tangu muda mrefu. Haikuwa rahisi. Naomba niulize: yule dada katibu, mlielewana mwishoni?

#13 MLETA UZI

Bwana akubariki kwa simu hiyo.

Nilirudi kwake kama alivyosema, baada ya kuwaambia wenzangu. Mama mwenyekiti na wale wazee wawili nao walikwenda kumwomba radhi, siku tofauti na mimi. Safari hii alinikaribisha ndani, akanipa kiti. Hakusema amenisamehe. Aliuliza mambo mengi: nilianza lini, nani mwingine alijua, siku ile walipomnyang'anya ufunguo wa kabati nilikuwa nimekaa wapi. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikiimba. Nikamwambia hivyo.

Baada ya miezi minne alipiga simu. Alisema amenisamehe, na akaniomba nisimzungumzie tena jambo lile isipokuwa yeye mwenyewe akianza. Kwaya hakurudi, anaabudu kanisa jingine. Tukikutana tunasalimiana, ananiulizia mama yangu.

Hajaanza bado, na mimi sijamzungumzia. Kabla ya kuandika hapa nilimtumia ujumbe mfupi kumwomba ruhusa ya kusimulia bila kumtaja. Akajibu, "Andika. Ila usiache ile ya mlangoni."